Eneo linalopumzika si eneo tupu: kikundi cha hifadhi ya ardhi kijijini kijifunze nini, na fedha zitoke wapi

Mgeni akipita nyanda za Kiteto au Simanjiro mwezi wa nne anaweza kukuta nyasi zimefika magotini na hakuna ng'ombe hata mmoja. Atadhani ni pori lisilo na mwenyewe. Mwenyeji anajua kuwa hayo ni malisho ya kiangazi, yamefungwa tangu mvua zilipoanza ili Septemba na Oktoba, vumbi likitimka, ndama na ng'ombe waliozaa wapate pa kula. Wamaasai huyaita alalili. Wasukuma wana ngitili yao.

Sheria nayo, kwa bahati mbaya, inaweza kuliangalia eneo hilo kwa jicho la mgeni. Tanzania Bara ina makundi matatu ya ardhi: ardhi ya jumla, ambayo iko chini ya serikali kuu, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, iliyopitishwa mwaka huohuo na kuanza kutumika pamoja na mwenzake tarehe 1 Mei 2001, haina maneno hayo. Wanasheria wamebishana sana juu ya tofauti hiyo. Kwa mwanakijiji swali ni moja: eneo letu linapopumzika, nani ataamua kwamba halitumiki?

Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi ulioandikwa, wenye ramani, muhtasari wa mkutano na sheria ndogo, kina cha kujibu. Kinafungua ukurasa na kuonyesha: hapa ni malisho ya kiangazi, yanafungwa mwezi huu, yanafunguliwa mwezi ule, na mkutano mkuu ulikubali. Kijiji kinachotegemea kwamba "kila mtu anajua" kinaingia kwenye mgogoro mikono mitupu, hata kama kila mtu anajua kweli.

Nawaandikia watu wa kamati za mazingira, kamati za maliasili, vyama vya wafugaji na vikundi vya akina mama wa vitalu vya miche, wanaoalikwa kwenye mafunzo mwaka hadi mwaka na bado hawajui waanzie wapi. Msimamo wangu nautoa mapema. Mafunzo ya kwanza ya kikundi cha hifadhi ya ardhi yawe ya namna ya kuweka kwa maandishi ardhi inatumikaje, nani ameamua, na fedha zimekwenda wapi. Miche ije baadaye. Na mpango wa kujikinga na ukame au mafuriko usiwe kitabu kingine cha kukaa kabatini. Ni ramani ileile ya matumizi ya ardhi, ikiulizwa maswali ya mwaka mbaya.

Shinyanga ilivyojifunza

Anayetaka ushahidi kwamba miche si pa kuanzia aitazame Shinyanga. Miti ya mkoa ule ilifyekwa kwa awamu: wakati wa ukoloni ili kuondoa mbung'o, baadaye kupisha pamba na mifugo, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili walizokuwa wakizitunza kwa vizazi. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986. Mwanzoni ulifanya kile ambacho miradi mingi hufanya hadi leo: vitalu vikubwa vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Kazi ilipamba moto pale wataalamu walipogeukia jambo ambalo wenyeji walikuwa nalo tayari, yaani kufunga eneo na kuacha visiki na mbegu zilizomo ardhini zifanye kazi yake. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Kilicholinda hekta hizo ni dagashida, baraza la jadi la Wasukuma linalokaa na kupanga adhabu, na sungusungu waliosimamia utekelezaji. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini mradi ulipofungwa mwaka 2004, sehemu kubwa ya ngitili hizo haikuwa na hati wala usajili wa maana. Familia zikaongezeka, wana wakagawana, ngitili za pamoja zikamegwa kidogokidogo. Utaratibu wa jadi ulikuwa imara kwa yaliyokuwa ndani ya uwezo wake: kumzuia jirani asiingize ng'ombe. Haukuwa na namna ya kumzuia mnunuzi mwenye karatasi. Hapo ndipo mafunzo ya sheria yalipaswa kwenda sambamba na mafunzo ya mazingira, tangu mwaka wa kwanza.

Nani ana mamlaka gani

Fundo kubwa kwa vikundi vingi ni kamati. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na kamati ya maliasili, ya mazingira, ya mpango wa matumizi ya ardhi, ya maji na ya maafa, na juu yake mradi ukaja na kamati yake. Watu walewale saba wanakaa kwenye zote. Wengi wao hawajui ni ipi inaweza kutoza faini na ipi inashauri tu.

Mlolongo wenyewe, ukiufuata taratibu, unaeleweka. Mwenye mamlaka ya mwisho kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na kwa utaratibu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Msimamizi wa ardhi ni halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ambayo inaisimamia kama mdhamini wa wanakijiji. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kamati nyingine zote zinapata nguvu zake kutoka kwa hawa wawili. Kikundi cha mazingira kilichosajiliwa wilayani kama kikundi cha kijamii hakina mamlaka yoyote juu ya ardhi ya kijiji mpaka halmashauri ya kijiji iamue, mkutano mkuu ukubali, na muhtasari uandikwe. Nimeona vikundi vyenye cheti kizuri cha usajili vikiondolewa msituni kwa sababu hakuna ukurasa wowote wa muhtasari uliovitaja.

Migogoro ina njia yake. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na angalau 3 kati yao wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha.

Sheria ndogo zina njia yake pia, na hapa ndipo wengi hukwama. Halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unatoa maoni, kata inapitia, na halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kabla ya idhini hiyo, faini mnayotoza ni makubaliano tu. Mtu akigoma kulipa na kwenda mahakamani, kijiji ndicho kitakachoonekana kimekosa. Kwa hiyo mwalimu anayewafundisha watu doria kabla sheria ndogo hazijaidhinishwa anawapeleka kwenye hatari. Mgambo wa kijiji anamkamata mchoma mkaa, anamnyang'anya shoka na baiskeli, na wiki mbili baadaye yeye ndiye mshtakiwa.

Msitu una neema ya ziada. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji kwenye ardhi yake, kuusimamia kupitia kamati ya maliasili, na kubaki na mapato yake. Njia hiyo haikubuniwa ofisini. Vijiji vya Duru-Haitemba wilayani Babati viliifungua katikati ya miaka ya 1990, na vile vya Suledo wilayani Kiteto vikafuata. Kule Kilwa, misitu ya Kikole na Kisangi ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, ikawezekana kuuza mpingo kwa utaratibu unaokaguliwa. Kufika huko walijifunza kupima: mti mmojammoja, unene wa shina kwenye kimo cha kifua, daftari mkononi, ili kujua wavune miti mingapi kwa mwaka bila kuumaliza msitu.

Ramani ya majivu na kokoto

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 ndiyo inayokipa kijiji mamlaka ya kupanga. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi unaeleza hatua sita: maandalizi wilayani, tathmini shirikishi kijijini, kuhakiki na kupima matumizi yaliyopo, kuandaa mpango wenyewe, usimamizi wa ardhi pamoja na kutoa hati za kimila, na mwisho mipango ya kina ya kila eneo. Timu ya wilaya huja na wataalamu wa ardhi, misitu, mifugo, kilimo na maendeleo ya jamii. Kijiji nacho huunda kamati yake ya mpango wa matumizi ya ardhi.

Wataalamu wengi wanapenda hatua ya tatu kwa sababu ina vifaa vya setilaiti na picha za anga. Mimi naithamini zaidi ya pili. Watu wanakaa chini ya mti, wanachora kijiji chao ardhini: majivu yanakuwa barabara, majani ya mwarobaini yanakuwa msitu, kokoto ni nyumba, kamba ya katani ni mto. Msimamizi akiwa na busara huwagawa wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, vijana mahali pao. Kisha ramani zinalinganishwa. Ya wanaume mara nyingi ina mipaka, malisho, mashamba makubwa na ofisi. Ya wanawake ina visima vitatu ambavyo wanaume hawakuviweka, njia ya kuni, bonde dogo la mboga, na mti ambao magome yake ni dawa ya tumbo la watoto. Bonde lile lisipokuwa kwenye ramani ya majivu halitakuwa kwenye ramani ya setilaiti, na mpango ukishapita litapewa mtu.

Mafunzo yanayoruka hatua hii kwa kisingizio cha muda yanatoa mpango mzuri wa macho usio na wenyewe. Kuna mipango iliyoandaliwa kwa siku chache kwa sababu mfadhili alitaka idadi ya vijiji itimie. Mwanakijiji ukimuuliza eneo la hifadhi linaishia wapi, hajui.

Malisho yana ugumu wake, kwa kuwa ng'ombe hafuati mpaka wa kijiji. Mvua ikinyesha kwa jirani, ndiko anakokwenda. Ukipanga kijiji kimojakimoja unaweza kuikata njia ya mifugo vipande vipande bila kukusudia. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa, wilayani Kiteto, vilipanga kwa pamoja, vikatenga malisho ya kushirikiana yanayozidi hekta 20,000 na kuyapa jina la OLENGAPA, lililoungwa kutokana na majina ya vijiji hivyo. Hilo lilifanyika katika wilaya ambayo mwanzoni mwa 2014 ilizika watu waliouawa kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji. Sheria ya 2007 inaruhusu mipango ya pamoja kama hiyo, ingawa si wilaya nyingi zilizoitumia nafasi hiyo.

Juu ya mpango zinakuja hati. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa mtu, familia au kikundi. Mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipata hati ya pamoja ya eneo linalokaribia hekta 20,000. Jambo hilo lilikuwa zito, kwa sababu maisha ya mwindaji na mchuma asali ndiyo yanayoonekana "hayatumii ardhi" kuliko yote machoni pa ofisi. Tuseme ukweli kuhusu kikomo chake pia: Rais bado ana uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Hati na mpango havimzuii. Vinalazimisha utaratibu, taarifa na fidia, na vinakupa pa kusimama unapozungumza.

Maswali ya mwaka mbaya

Sasa tuje kwenye ustahimilivu, ambao siku hizi una semina zake, vitabu vyake na wafadhili wake. Ukiondoa misamiati, kazi inabaki hii: chukueni ramani mliyochora, mkumbuke miaka mibaya, mwulize kila eneo lilifanya nini mwaka ule. Wazee wanayo kumbukumbu. Mwaka fulani mto ulipita hapa. Ukame ule tulihamia kule, na kisima hiki peke yake ndicho hakikukauka. Hayo yakiandikwa juu ya ramani, eneo la akiba linapata sababu, na zahanati mpya haiwekwi kwenye njia ya maji.

Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufikia mji mdogo wa Katesh na vitongoji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Miji na vijiji vingi chini ya milima yetu viko katika hali hiyohiyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati hiyo ikikaa bila watu wa kamati ya matumizi ya ardhi itabaki kugawa mablanketi baada ya tukio. Zikikaa pamoja, zinaweza kusema mteremko huu haulimwi, na korongo hili halijengwi.

Mfano mzuri wa kupanga kwa ajili ya ukame uko Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Waborana wana dedha, baraza la wazee linaloamua malisho gani ni ya masika, gani ya kiangazi na gani ni akiba ya ukame mkali. Kaunti ilipoanzisha mfuko wa tabianchi unaoshuka hadi wadi, mwanzoni mwa muongo wa 2010, kamati za mipango za wadi zilizochaguliwa na wananchi zilikaa na maarifa hayo na kuyaweka kwenye ramani za kidijitali. Uamuzi wa fedha ukabadilika. Zamani kila kijiji kiliomba kisima. Ramani ilipowekwa mezani watu waliona kwamba kisima kikichimbwa katikati ya malisho ya akiba, mifugo itakaa pale mwaka mzima na akiba itakwisha kabla ukame haujafika. Mahali pengine uwekezaji bora ulikuwa kukarabati kisima cha zamani na kuandika ni lini pampu izimwe. Utaratibu huo ulienea Garissa, Kitui, Makueni na Wajir, na kuanzia 2021 serikali ya Kenya kwa msaada wa Benki ya Dunia imeupeleka karibu nchi nzima. Tanzania iliujaribu Monduli, Longido na Ngorongoro.

Kwa kijiji chochote, hatua ya chini kabisa ni kalenda. Andikeni miezi 12, muweke mvua, njaa, magonjwa ya mifugo, bei ya mahindi, mahudhurio ya shule. Kisha muamue mapema: utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukisema vuli itakuwa chini ya wastani, tunafanya nini na lini? Mfugaji anayeuza ng'ombe wanne Novemba wakiwa na nyama ana fedha ya kununulia chakula cha waliobaki. Anayengoja Februari anauza ngozi.

Mafunzo yenyewe

Hapa nina manung'uniko. Mafunzo mengi hufanyika hotelini mjini, siku mbili au tatu, na mwaliko unakwenda kwa mwenyekiti na mtendaji. Anayeshika daftari hakualikwa. Anayefanya doria usiku hakualikwa. Posho inakuwa ndiyo habari, na anayekwenda ni yuleyule kila mwaka. Kisha unafika uchaguzi. Serikali za mitaa zilichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, na vijiji vingi vikapata viongozi wapya wasiojua hata mpango wa ardhi umewekwa wapi. Mtendaji naye ni mtumishi wa umma, anahamishwa, na ninyi mnabaki na kabati lisilo na ufunguo. Bajeti yoyote ya mafunzo isiyotenga fedha za mwaka unaofuata uchaguzi inajua mapema kwamba itapotea.

Ningepanga hivi. Mafunzo ya sheria na mamlaka yafanyike kijijini, kwenye mkutano mkuu, watu wote wasikie kwa pamoja, na wasaidizi wa kisheria wa wilaya wawepo. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wengi wao ni majirani zenu. Mafunzo ya kuandika na kutunza hesabu yawe kwa watu wachache, angalau wanne, wakiwemo vijana na wanawake, na mwalimu arudi kila baada ya miezi mitatu kupitia daftari lililoandikwa. Kufundisha hesabu mara moja ukaondoka hakuna faida.

Na hesabu zenyewe ni hivi. Mtu amekamatwa na mbuzi kwenye eneo lililofungwa, sheria ndogo inasema faini 50,000. Anapewa stakabadhi yenye namba. Namba hiyo inaingia kwenye daftari la mapato siku hiyohiyo, fedha zinapelekwa benki, na hati ya benki inabandikwa nyuma ya ukurasa. Mwisho wa robo mwaka mtunza hazina anasoma mbele ya mkutano mkuu: zimeingia kiasi gani, zimetoka kiasi gani, zimefanya nini. Yakikosekana haya, minong'ono inaanza, na kikundi kinakufa kwa minong'ono kabla hakijafa kwa ukame. Nakala za mpango, ramani na sheria ndogo ziwe mahali patatu: ofisi ya kijiji, ofisi ya kata, na kwa katibu wa kamati. Picha za kurasa zote ziwe kwenye simu za watu wawili.

Ufundi unafuata. Dodoma, kwa mfano, wakulima wengi wamejifunza kisiki hai: unachagua kisiki kinachochipua shambani, unabakiza machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga kitambaa cha alama ili mchungaji na mlimaji wajue mti huo unatunzwa. Haina gharama ya kitalu wala ya kumwagilia. Ziara ya kwenda kumwona mkulima aliyefanikiwa hufundisha kuliko slaidi zozote, hasa wakienda na wale wanaopinga.

Kuna vyuo na mitandao inayofaa kujulikana. Likuyu Sekamaganga, mkoani Ruvuma, kuna kituo kinachofundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Olmotonyi kuna chuo cha misitu, Tabora cha ufugaji nyuki. MJUMITA ni mtandao wa vikundi vya kijamii vinavyosimamia misitu, na faida yake kubwa ni kwamba mwenye tatizo anakutana na mwenzake aliyelipitia.

Fedha

Fedha za kuaminika zaidi ni za kijiji chenyewe: ushuru wa mazao ya msitu, faini, ada za malisho kwa wageni. Ni kidogo, lakini haziondoki mradi ukifungwa.

Inayofuata ni bajeti ya halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, kupitia utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, ambapo wanakijiji wenyewe hupanga vipaumbele vyao. Kikundi kinachopeleka ombi Mei kimechelewa. Kinachohakikisha kwamba kinga maji, lambo au upimaji wa mipaka umeandikwa kwenye mpango wa kijiji mwishoni mwa mwaka uliotangulia kina nafasi. Ajira za muda za TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nazo hujenga malambo na matuta, na eneo huchaguliwa kijijini. Kwa nini lisiwe lile lililo kwenye ramani yenu?

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inafaa kwa mizinga ya nyuki au kitalu cha biashara. Haifai kulipia doria, kwa sababu doria haizai marejesho. Kwa ruzuku kuna Mfuko wa Misitu Tanzania, Mfuko wa Uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki kwa walio kwenye milima hiyo, na programu ya ruzuku ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ambayo kwa miaka mingi ukomo wake wa kawaida ulikuwa dola 50,000 kwa mradi. Wote hawa watauliza jambo lilelile la kwanza: mna mamlaka juu ya eneo hilo? Onyesheni karatasi.

Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa ukaa, inahitaji maneno zaidi, maana wanunuzi wanabisha hodi vijijini sasa. Inaweza kufanya kazi. Gazi, kwenye Kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, na mapato yameleta maji na kusaidia shule. Vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimejenga zahanati na madarasa kwa mapato ya misitu yao. Tanzania ilitoa kanuni za biashara hiyo mwaka 2022, na kituo cha kuiratibu kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Lakini mkataba wa kaboni hufunga ardhi kwa miongo. Mtoto aliyezaliwa siku ya kusaini atakuwa mzazi bado unaendelea. Usomwe wote kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu, ukurasa kwa ukurasa. Ulizeni: mgawo wetu unahesabiwa kabla au baada ya gharama zao? Nani anahakiki, na nani anamlipa mhakiki? Moto ukiunguza msitu, hasara ni ya nani? Malisho ya kiangazi yataendelea kufunguliwa kama tulivyopanga, au ratiba itakuwa yao? Tukitaka kutoka, tunatokaje? Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi nchini Kenya iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii huko Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Miaka ya kazi na fedha nyingi ikawa imesimama juu ya vikao ambavyo havikufanyika sawasawa.

Kama kikundi chenu kinataka kuanza mwezi huu, nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaombe kuona vitu vitatu: cheti cha ardhi ya kijiji, ramani ya mipaka, na muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha mpango wa matumizi ya ardhi. Visipopatikana, andikeni barua kwa ofisi ya ardhi ya wilaya kuomba nakala, mpeleke kwa mkono, na mrudi na nakala ya barua yenu iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.